Kiendelezi cha kusomea hazina za msimbo kimegoma: dalili, chanzo na tiba

Mtu anayesoma msimbo wa wenzake kwenye GitHub au GitLab, tovuti ambako msimbo wa kila mradi huhifadhiwa kwenye folda kuu iitwayo hazina, anaweza kufungua folda nane kabla ya kufika kwenye faili anayoitaka. Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, vimekuja kupunguza mzunguko huo. Octotree na Gitako huchora mti wa faili pembeni mwa ukurasa. OctoLinker hugeuza jina la maktaba lililoandikwa ndani ya msimbo liwe kiungo cha kubofya. Refined GitHub huongeza vitu vidogo vidogo vingi ambavyo ukurasa wenyewe hauna.

Kwa watumiaji wa Mwanza, kuanzia wanafunzi wa Malimbe wanaokimbizana na kazi ya mwisho wa muhula hadi vijana wanaotengeneza mfumo wa mauzo kwa wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, kiendelezi hulaumiwa mara nyingi kwa kosa lisilo lake. Intaneti inayotumiwa na watu wengi kupitia anwani moja ndiyo inayosababisha usumbufu mwingi, na tokeni (mfuatano wa siri wa herufi unaokutambulisha kwa GitHub) iliyotengenezwa vibaya inafuata. Ndiyo maana sehemu hizo mbili ni ndefu kuliko nyingine.

Maandishi ya vitufe vya GitHub tumeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Kwanza jua nani aliyegoma

Kazi hii ina pande tatu: ukurasa wa tovuti, kiendelezi chenyewe, na API, yaani mlango wa pembeni ambao kiendelezi hupitia kuomba orodha ya faili. Ukurasa unaweza kufunguka vizuri huku mlango huo umefungwa. Dakika tatu zinatosha kutenganisha pande hizi.

Fungua hazina yoyote ya umma kwenye dirisha fiche. Kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu, kwa hiyo unaona ukurasa wenyewe bila nyongeza zake. Usipofunguka hata hapo, acha kiendelezi kwanza: tatizo ni mtandao wako au GitHub yenyewe, na hali yake inatangazwa kwenye githubstatus.com. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa kivinjari utakaosaidia.

Kisha andika api.github.com/rate_limit kwenye sehemu ya anwani. Yatatokea maandishi yenye namba. Tafuta neno "core", halafu usome "limit" na "remaining" chini yake. Kuuliza hapo hakupunguzi hesabu yako, kwa hiyo uliza hata mara kumi.

Mwisho, rudi kwenye ukurasa wenye tatizo, bonyeza F12, fungua konsoli ("Console", sehemu inayoorodhesha makosa ya ukurasa), kisha upakie ukurasa upya. Tafuta mistari myekundu yenye namba. 401 maana yake tokeni imekataliwa. 403 au 429 kwa kawaida ni kikomo cha maombi. 404 kwenye hazina unayojua kabisa kwamba ipo ni suala la ruhusa: GitHub huficha hata uwepo wa hazina binafsi kwa asiye na haki ya kuiona. Usipoona chochote chekundu na mti haupo, huenda kiendelezi hakijaamka kabisa.

Dalili: Mti wa faili hauonekani, wala hakuna ujumbe wa kosa

Chanzo cha kwanza ni kichupo kilichokuwa wazi kabla ya kusakinisha. Chrome haipeleki kiendelezi kipya kwenye kurasa zilizokwisha funguliwa. Pakia ukurasa upya kwa F5. Wengi hufuta kiendelezi na kukisakinisha tena mara tatu, kumbe F5 moja ingetosha.

Cha pili ni ruhusa ya tovuti. Fungua chrome://extensions, au edge://extensions kwa Edge, ingia kwenye maelezo ya kiendelezi husika na utazame sehemu ya ufikiaji wa tovuti. Kikiwekwa kufanya kazi unapobofya tu, kitalala mpaka ubofye ikoni yake kila mara. Chagua tovuti mahususi, kisha uweke https://github.com. Usichague tovuti zote. Kiendelezi cha kusoma msimbo hakina shughuli kwenye ukurasa wa benki yako. Kwa Firefox, nenda about:addons, fungua kiendelezi, kisha kagua sehemu ya ruhusa.

Tatu, huenda uko kwenye ukurasa usiohusika. Mti wa faili hauna kazi kwenye wasifu wa mtu au kwenye orodha ya arifa. Pia tangu 2023 GitHub ina mti wake wenyewe, unaotokea kushoto ukishafungua faili au folda, si kwenye ukurasa wa mbele wa hazina. Baadhi ya viendelezi hujificha pembeni kwa kitufe chembamba ili visigongane nao. Sogeza kipanya hadi ukingo wa kushoto au wa kulia kabla ya kusema hakipo.

Nne, kiendelezi kimezeeka. Viendelezi vya Chrome vilivyojengwa kwa mfumo wa zamani uitwao Manifest V2 vilianza kuzimwa kwa awamu kuanzia Juni 2024, na Chrome toleo la 139 likafunga hata mlango wa mwisho uliokuwa umeachwa kwa mashirika. Kikiwa cha aina hiyo utakikuta kimezimwa chenyewe na hakikubali kuwashwa. Dawa ni kutafuta kingine kinachotunzwa, au kutumia Firefox, ambayo bado inakubali mfumo huo. Usishushe toleo la Chrome ili kukiokoa, kwa sababu utakuwa umerudisha matundu ya usalama yaliyokwisha zibwa.

Tano, anwani si github.com. Kampuni au chuo kikiwa na GitLab kwenye seva yake, kiendelezi hakiitambui anwani hiyo mpaka uiongeze kwenye mipangilio, na vingine haviwezi kabisa. Soma maelezo ya kiendelezi kabla ya kuhangaika.

Wanaotumia simu: Chrome ya Android haina viendelezi. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa viendelezi vingi Desemba 2023, lakini hupata vile tu ambavyo mtengenezaji amevitangaza kuwa vinafaa kwa simu. Kiwi, kivinjari kilichopendwa kwa sababu hiyo, kiliacha kutunzwa mwanzoni mwa 2025. Kuendelea kukitumia kwenye simu yenye akaunti zako ni hatari.

Simama hapa ikiwa ukurasa wa viendelezi unaonyesha kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Huo ni uamuzi wa ofisi au wa maabara ya chuo. Mwone mtu wa TEHAMA, mpe jina kamili la kiendelezi na sababu ya kukihitaji. Mbinu za kukwepa sera hiyo zinaweza kukugharimu kazi.

Dalili: Kikomo cha API kimefikiwa, au namba 403 au 429

Asiyejitambulisha kwa tokeni anapewa na GitHub maombi 60 kwa saa. Maombi hayo yanahesabiwa kwa anwani ya IP, yaani namba ambayo muunganisho wako unatambuliwa nayo mtandaoni, si kwa mtu wala kwa kompyuta.

Sasa angalia intaneti yako inavyokufikia. Maabara ya kompyuta yenye mashine 20 hutoka nje kwa anwani moja. Hata kama kila hazina ingegharimu ombi moja tu, wanafunzi 20 wakifungua hazina 3 kila mmoja, 60 zimekwisha kabla mwalimu hajamaliza kuita majina. Kibanda cha intaneti ni hivyohivyo. Na ukiunga kompyuta kwenye intaneti ya simu, haumo peke yako pia: mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa kuwa anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, hazitoshi kumpa kila mtu ya kwake. Unaweza kuwasha kompyuta saa 2 asubuhi, ukafungua hazina moja, ukaambiwa umemaliza 60. Umemaliziwa na watu usiowajua.

Thibitisha kwa ile api.github.com/rate_limit. "limit" ikiwa 60 na "remaining" ikiwa 0, jibu umelipata. Namba ndefu ya "reset" ni sekunde zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1970. Igeuze kwenye konsoli kwa kuandika:

new Date(NAMBA * 1000).toLocaleTimeString()

Weka namba yako mahali pa NAMBA. Ikikujibu 10:40 AM, basi hesabu itaanza upya saa 4:40 asubuhi.

Unaweza kusubiri hadi saa hiyo. Unaweza kuzima na kuwasha data ili upate anwani nyingine, lakini hiyo ni bahati nasibu, kwani anwani mpya nayo inaweza kuwa na umati wake. VPN ya bure, yaani huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, ni mbaya zaidi kwa sababu maelfu hutoka kwa anwani ileile, na tena tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inataka matumizi ya VPN yasajiliwe. Dawa ya kudumu ni tokeni: ukijitambulisha, hesabu inakuwa yako mwenyewe, na inapanda hadi maombi 5,000 kwa saa.

Tengeneza hivi:

1. Bofya picha yako juu kulia, ingia "Settings", shuka hadi chini kabisa kushoto kwenye "Developer settings", kisha "Personal access tokens".
2. Ikiwa unasoma hazina za umma tu, tengeneza tokeni ya aina ya "classic" na usiweke tiki kwenye kisanduku hata kimoja cha ruhusa. Tokeni tupu namna hiyo inasoma taarifa za umma peke yake, lakini inakupa 5,000 zote. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanaweka tiki kila mahali ili wasirudi tena, na hapo wameshampa mgeni funguo za nyumba nzima.
3. Weka muda wa kuisha: siku 30 ukiwa unajaribu, 90 ukishazoea. Usichague isiyoisha.
4. Nakili mara moja. GitHub haitaionyesha tena. Tokeni ya aina hiyo huanza na ghp_, na ile yenye ruhusa za kuchambuliwa moja moja huanza na github_pat_.
5. Ibandike kwenye mipangilio ya kiendelezi, kisha upakie ukurasa upya.

Kuongeza tokeni ya pili na ya tatu hakukupi 10,000 wala 15,000. Kikomo ni cha akaunti, na tokeni zako zote huchota kwenye pipa moja.

Ukiwa na tokeni na bado unaona 403 au 429, angalia mambo mawili. Kwanza, je, kiendelezi kinaitumia kweli? Wakati mwingine imebandikwa kwenye wasifu mmoja wa Chrome nawe uko kwenye mwingine. Pili, kuna kikomo cha kasi kinachojitegemea na kile cha saa: maombi zaidi ya 100 kwa wakati mmoja hayakubaliki, na ukifungua vichupo vingi kwa mpigo vyenye viendelezi vitatu kila kimoja, unakaribia huko. Funga vichupo, subiri dakika kadhaa. Kuendelea kupakia upya ukiwa umezuiwa kunaweza kufanya kiendelezi au akaunti ifungiwe.

Onyo la kompyuta za watu wengi: tokeni hukaa ndani ya wasifu wa kivinjari, na mtu mwingine akiketi kwenye kiti hicho anaweza kuisoma. Kwenye kibanda cha intaneti au maabara, usibandike tokeni hata ile tupu. Ingia kwenye akaunti yako, utumie mti wa GitHub wenyewe, herufi t ya kutafuta faili kwa jina, au kitufe cha nukta kinachofungua hazina ndani ya kihariri cha github.dev. Hivyo havihitaji kiendelezi. Ukimaliza, toka kwenye akaunti.

Dalili: Hazina za umma zinafunguka, hazina binafsi zinagoma

Mara nyingi tokeni imeisha muda. Siku 30 hupita haraka. Fungua orodha ya tokeni zako, utaona tarehe. Tengeneza mpya ubandike. Tokeni isiyotumika kwa mwaka mzima nayo huondolewa na GitHub yenyewe.

Kinachofuata ni ruhusa pungufu. Ile tokeni tupu iliyosifiwa hapo juu haioni hazina binafsi hata moja. Kwa tokeni ya "classic" itabidi uweke "repo", na hapa ni vizuri kutua kidogo: "repo" inasoma na kuandika kwenye hazina zote unazozifikia, hata za mwajiri. Njia bora ni tokeni ya "fine-grained". Chagua hazina zinazohusika tu, kisha uweke "Contents" kuwa kusoma tu. Kiendelezi kikiibiwa siku moja, mwizi ataona hazina mbili badala ya arobaini, na hataweza kubadilisha mstari.

Tatu ni mmiliki. Unapotengeneza tokeni ya "fine-grained" unaulizwa ni ya mali za nani. Ukiacha jina lako, hazina za shirika hazitaonekana. Ukichagua shirika, tokeni inaweza kusubiri idhini ya msimamizi, na mpaka aidhinishe haitaona hazina binafsi za shirika hilo. Mashirika yanayotumia mfumo mmoja wa kuingilia huhitaji hatua ya ziada kwa tokeni ya "classic": kwenye orodha ya tokeni, bofya "Configure SSO" uidhinishe shirika hilo.

Nne ni nafasi tupu iliyonakiliwa pamoja na tokeni, hasa kama uliituma kutoka simu kwenda kompyuta kwa WhatsApp. Na kama uliituma hivyo, ifute utengeneze nyingine. Tokeni si kitu cha kutumiana kwenye mazungumzo.

Kama hujui ni lipi kati ya hayo, ipime tokeni nje ya kivinjari kwa curl, amri ya kutuma ombi mtandaoni, kwenye dirisha la amri. Kwenye Windows andika curl.exe badala ya curl, kwa sababu PowerShell (dirisha la amri la Windows) ya zamani huelewa curl kuwa amri nyingine:

curl.exe -i -H "Authorization: Bearer TOKENI" https://api.github.com/user

Jibu likianza na 200, tokeni ni nzima. Likiwa 401, imekufa au imenakiliwa vibaya. Kwa tokeni ya "classic", mstari wa x-oauth-scopes utakuorodheshea ruhusa zake. Ukiwa tupu, umepata chanzo. Amri hiyo hubaki kwenye historia ya dirisha la amri pamoja na tokeni yenyewe, kwa hiyo ifanye kwenye kompyuta yako tu.

Simama ikiwa tokeni yenye ruhusa imeingia kwenye faili ukaisukuma ("push", yaani kuipandisha) hazinani. Kufuta ule mstari na kusukuma tena hakusaidii, historia bado inao. Ifute tokeni kwanza kwenye "Developer settings", kisha umweleze msimamizi wa hazina. GitHub hujaribu kuziua zenyewe tokeni zake zinazoonekana kwenye hazina za umma, lakini usiitegemee kazi hiyo kwa hazina binafsi. Kama tokeni ilikuwa ya mwajiri, ripoti siku hiyohiyo. Si kosa la kuficha.

Dalili: Mti unatokea, halafu unapotea ukibofya folda nyingine

GitHub haipakii ukurasa mzima kila unapobofya. Hubadilisha sehemu ya katikati tu na kuacha nyingine. Kiendelezi kisichojua mabadiliko hayo yametokea hubaki kikingoja ukurasa mpya ambao hauji. Ishara yake ni hii: ukibonyeza F5 mti unarudi, ukibofya kiungo unapotea tena.

Sasisha kiendelezi kwanza. Kwenye chrome://extensions washa hali ya wasanidi programu, kitatokea kitufe cha kusasisha vyote. GitHub hubadilisha mpangilio wa kurasa zake bila kuwauliza watengeneza viendelezi, na marekebisho huja siku chache baadaye.

Ikiwa ni kipya na bado kinapotea, shuku mgongano. Viendelezi viwili vinavyogombea ukingo uleule wa ukurasa havikai pamoja. Usizime kimoja kimoja kama unavyo kumi na viwili. Zima nusu, pakia ukurasa upya. Tatizo likiisha, mkosaji yumo kwenye nusu uliyozima. Lisipoisha, yumo kwenye iliyobaki. Gawa tena nusu. Majaribio manne yanakufikisha kwa mmoja kati ya kumi na sita.

Refined GitHub ina njia hiyohiyo ndani yake, kwa kuwa imebeba vipengele vingi. Kwenye mipangilio yake kuna "Find feature", inayozima nusu ya vipengele na kukuuliza kama tatizo bado lipo, hadi kibaki kimoja. Ukishakipata, zima hicho tu uendelee kufaidi vingine.

Dalili: Mti umekatika katikati, au unazunguka bila kuisha

Hazina ni kubwa kupita kiasi. API ya GitHub ikiombwa orodha yote kwa mkupuo hutoa mwisho vipengele 100,000 au MB 7, chochote kitakachotangulia, kisha huweka alama kwamba orodha imekatwa. Viendelezi vizuri hukueleza. Vingine hukuonyesha mti mfupi nawe ukaamini faili haipo. Ukishuku hivyo, bonyeza t na uandike jina la faili.

Tafuta kwenye mipangilio chaguo la kupakia folda moja moja unapoifungua. Ni polepole kidogo kwa kila folda, ila linaokoa bando: orodha ya MB 7, hata ikibanwa njiani, si kitu cha kupakia kila unapobadilisha tawi ("branch", toleo sambamba la msimbo) huku umeunga simu.

Kama utaisoma hazina hiyo kwa siku kadhaa, kiendelezi si chombo chake. Ishushe kwa kiasi unachohitaji tu, kwa programu ya git kwenye dirisha la amri:

git clone --filter=blob:none --sparse ANWANI
cd JINA
git sparse-checkout set FOLDA

Hapo unapata faili za juu na folda uliyoitaja, na yaliyomo kwenye faili nyingine hayashuki mpaka uyahitaji. Baada ya hapo unasoma hata umeme na intaneti vikikatika, mradi betri ipo.

Dalili: Kompyuta inakuwa nzito ukifungua ukurasa wa msimbo

Kwenye Chrome, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja upate orodha ya kumbukumbu inayotumika. Usidanganyike ukiona mstari wa kiendelezi ni mdogo. Sehemu inayochora mti huishi ndani ya kichupo chenyewe, kwa hiyo mzigo wake unahesabiwa kwa kichupo. Kipimo cha kweli ni kuandika namba ya kichupo kiendelezi kikiwa kimewashwa, kukizima, kupakia upya, na kulinganisha. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4, kiendelezi kimoja cha mti kinatosha. Cha ikoni za rangi kinaweza kusubiri.

Dalili: Vitufe vya mkato havifanyi kazi

Bofya sehemu tupu ya ukurasa kwanza; kishale kikiwa ndani ya kisanduku cha kutafuta, t itaandikwa tu kama herufi. Kisha angalia chrome://extensions/shortcuts kama viendelezi viwili vimepewa kitufe kimoja. Vitufe vya GitHub wenyewe vya herufi moja vinaweza kuwa vimezimwa kwenye "Settings", sehemu ya "Accessibility", chini ya "Character keys".

Dalili: Kivinjari kinasema muunganisho si salama

Tazama saa na tarehe ya kompyuta. Kompyuta ya mezani ya zamani ikikatiwa umeme na kurudi mwaka 2010, kila cheti cha usalama kitaonekana batili. Rekebisha tarehe, weka ukanda wa saa wa Afrika Mashariki. Ikirudi nyuma tena kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3. Chomoa waya wa umeme kabla ya kuigusa. Kwa kompyuta mpakato, ambazo betri hiyo huwa imefungwa kwa waya au kuchomelewa, mpe fundi.

Tarehe ikiwa sahihi na onyo linatokea kwenye WiFi hiyo tu, huenda mtandao unataka uingie kwanza kwenye ukurasa wake, au kuna mtu katikati anayesoma mawasiliano. Usibofye kuendelea, na usiandike nenosiri wala tokeni mpaka ubadilishe mtandao.

Dalili: Kiendelezi kimezimwa na kinaomba ruhusa mpya

Hii ndiyo dalili ya kusimama kabisa. Chrome huzima kiendelezi kinachotaka zaidi ya kilichokuwa nacho, ili uamue upya. Kiendelezi kilichoishi miaka mitatu kwa github.com tu, leo kinataka kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote: uliza kwa nini.

Sababu ya tahadhari ni ya kweli. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa sana, kilibadilisha mmiliki 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Desemba 2024, mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data, alinaswa kwa barua pepe ya ulaghai, wadukuzi wakapandisha toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo dukani. Waliokuwa nacho walisasishiwa bila kubofya chochote.

Ukishuku kiendelezi chako, fuata mpangilio huu bila kuruka: kiondoe kwenye kivinjari, futa tokeni uliyokipa, fungua "Sessions" kwenye mipangilio ya GitHub utoe vifaa usivyovijua, kagua funguo za SSH (zinazofungua hazina bila nenosiri) na programu zilizoidhinishwa, badilisha nenosiri ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Kama akaunti hiyo inagusa msimbo wa mwajiri au taarifa za wateja, mwite anayehusika na usalama kabla ya kufuta chochote zaidi, kwa sababu atahitaji ushahidi uliobaki.

Ukihitaji kuripoti kwa watengenezaji

Wengi wa watunzaji wa viendelezi hivi hufanya kazi bila malipo, na ripoti ya "haifanyi kazi" huwapotezea muda. Wape toleo la kiendelezi, toleo la kivinjari na mfumo wa kompyuta, kiungo cha hazina ya umma ambayo tatizo linaonekana, hatua ulizofuata, na mistari myekundu ya konsoli ikiwa imenakiliwa kama maandishi. Sema pia kama tatizo linabaki viendelezi vingine vikizimwa. Kabla ya kutuma, tafuta ghp_ na github_pat_ ndani ya ulichonakili, na ukizikuta uzifute, kisha uiue tokeni hiyo.